Hukumu ya Nairobi na profesa aliyeacha kuona wateja

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai, kinapingana na Katiba. Alikipima kwa usawa, akakipima kwa utu, akakipima kwa haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu cha afya, na kote kikashindwa. Mjadala uliofuata, Nairobi na hata huku Dar es Salaam ambako hukumu hiyo haina nguvu, ulipita njia mbili zilizozoeleka. Wapo waliolalamika kwamba mahakama imewafungulia watu njia ya kufa. Wapo walioshangilia kwamba sasa mgonjwa ametolewa mikononi mwa polisi na kutiwa mikononi mwa daktari. Nionavyo mimi wote wamekosea, na hao wa pili kosa lao ni baya zaidi, kwa kuwa ni la watu wenye nia njema na hakuna anayelikagua.

Hukumu ile ilimwondoa askari mlangoni. Haikumweka mtu mwingine mahali pake. Katika wilaya nyingi za Kenya na Tanzania daktari bingwa wa magonjwa ya akili hayupo. Aliyepo ni daktari wa zamu, muuguzi, na yule mtu wa chumba cha mwisho cha korido mwenye kibao kinachosomeka "Ustawi wa Jamii". Huyo wa mwisho ndiye aliyesomea, angalau kwenye makaratasi, namna ya kukaa na mtu aliyeshindwa na maisha, kuzungumza na familia yake, kumfuatilia hadi nyumbani. Hoja yangu ni kwamba kizuizi kikubwa cha afya ya akili kwetu hakipo tena kwenye sheria wala kwenye vidonge peke yake. Kipo kwenye darasa linalomtoa huyo mtu wa chumba cha mwisho. Anafundishwa na wasomi ambao wengi wao, kwa ninavyowafahamu, waliacha kuona wateja siku walipoajiriwa chuoni, na mfumo wetu wa elimu ya juu unawapandisha cheo kwa kuacha.

Nianze na sheria yenyewe, maana kuna watu wanaitetea kama vile tumeirithi kwa mababu. Ililetwa na Mwingereza katika kanuni za adhabu za makoloni yake, ndiyo maana Tanzania tuna pacha wake, kifungu cha 217. Uingereza ililifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9 ya mwaka huohuo. Yaani mwenye kanzu alikuwa ameshaivua miezi kadhaa kabla ya kuondoka, akatuachia sisi tukiwa tumeivaa, na tumeivaa mpaka leo. Ghana waliivua mwaka 2023 kwa njia ya Bunge. Kenya imeivua kwa njia ya mahakama. Sisi bado.

Hoja kwamba jela inawatisha watu wasijiue ndiyo dhaifu kuliko zote zilizotolewa, na tuimalize mapema. Sheria hii haimgusi aliyekufa. Inamgusa aliyepona tu. Mtu aliyefikia hatua ile hamwazii hakimu. Anayemwaza hakimu ni mama yake, asubuhi yake, akiwa amemshika mwanawe na hajui aende wapi. Huyo mama anajua hospitalini ataulizwa fomu ya polisi, PF3. Anajua jirani ana mdomo. Basi anaamua kusema ni malaria imepanda kichwani, au anampakia kwenye basi la usiku ampeleke kwa shangazi. Kwa hiyo sheria inazuia kitu kweli, ila kinachozuiwa ni mtu kufika hospitali. Na wale wanaosema dini zetu zinakataza, ni kweli zinakataza, msikitini na kanisani. Lakini dini inakataza uongo, usengenyaji na ulevi, na hatujajenga jela ya wasengenyaji. Shekhe na padri ninaowajua mimi, wanapoletewa mtu wa namna hiyo, kitu cha kwanza wanachofanya ni kumpa kiti.

Sasa tuwarudie walioshangilia. Wao wanadhani pakiondoka polisi daktari anaingia. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya takwimu za mwaka 2020 liliwahesabu watumishi wote wa afya ya akili kwa pamoja, madaktari, wauguzi, wanasaikolojia na watu wa ustawi, likakuta kiwango cha kati duniani ni watumishi 13 kwa kila watu 100,000. Nchi tajiri zina zaidi ya 60. Nchi za kipato cha chini hazifiki 2. Tanzania ya sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 61, na kwa wengi wao huduma ya akili bado ina jina moja tu, Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927 ambayo hata watoto hutaniana nayo shuleni. Wakenya nao wana Mathari yao na utani uleule.

Hata tukijaliwa madaktari kesho, kazi yao ina mpaka. Chukua kijana anayetoka Mirembe na dawa za mwezi mmoja mfukoni. Nyumbani chumba chake kimeshapangishwa. Kaka aliyemfunga kamba siku ile ndiye anayetakiwa sasa kumkumbusha dawa asubuhi na jioni. Zahanati ya kata haina dawa ile. Nauli ya kurudi Dodoma kliniki inazidi anachopata mama yake kwa wiki nzima ya kuuza maandazi. Mchumba ameshaolewa, na hakuna aliyemwambia. Katika haya yote hakuna hata moja linalotibika kwa sindano, na lolote kati yake linatosha kumrudisha wodini. Hapo ndipo kazi ya ustawi wa jamii inapoanzia, na ni kazi yenye maarifa yake, si huruma tu.

Lakini ukitaka kujua nchi inamwonaje mtu wa ustawi, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa asubuhi ya Jumatatu, uulize ilipo ofisi yake. Kuna uwezekano mkubwa utajibiwa, "Pale pa msamaha." Ndivyo anavyojulikana. Wagonjwa wasioweza kulipa wanapanga foleni kwenye benchi, bili zimekunjwa mara nne mkononi, wakisubiri aulize maswali yaleyale: unafanya kazi gani, nani anakutunza, huna ndugu mjini, barua ya mtendaji iko wapi. Akiridhika, anatia sahihi, mgonjwa anaruhusiwa. Kazi hiyo ni muhimu, sitaki kuidharau. Imeokoa watu wengi kuzuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Ila ipime hiyo lugha. Mtu hana hela, anaomba msamaha. Amekosa nini? Na kwenye foleni ileile yumo mama yetu wa asubuhi, na kijana wake aliyeokolewa usiku. Naye ana bili. Afisa ana watu thelathini benchini, na chuoni alijifunza nadharia za unasihi kwa ajili ya kufaulu mtihani. Anaona bili, anatia sahihi, wanaondoka.

Kwa nini hakumwona kijana? Wengi watasema wingi wa kazi, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba hajawahi kumwona mtu yeyote akifanya kazi hiyo vizuri mbele ya macho yake. Ufundi wa kukaa na mtu unapatikana kama ufundi mwingine wowote, kwa kukaa pembeni ya fundi.

Taaluma hii ilipoingia kwenye magonjwa ya akili haikuanzia vitabuni. Mwaka 1918 Chuo cha Smith, Massachusetts, Marekani, kilifungua mafunzo ya dharura ya wanawake wa kuwahudumia askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na miili mizima na akili zilizovurugwa na mizinga. Mafunzo hayo yaliongozwa na Mary Jarrett, aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili ya Boston, na ratiba yake ilikuwa ya ajabu kwa macho yetu ya leo: wakati wa kiangazi wanafunzi wako darasani, miezi mingi iliyobaki wako hospitalini na kwenye mashirika, chini ya msimamizi. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo Bertha Capen Reynolds. Alihitimu, akafanya kazi na wagonjwa, kisha akarudi kufundisha palepale, na kuanzia 1925 hadi 1938 alikuwa mkurugenzi msaidizi wa shule hiyo. Jina lake halitajwi sana kwetu. Mhadhiri wa ustawi wa jamii akinitajia majina ya Wamarekani, huwa nasikia ya wanasaikolojia. Hilo nalo ni dalili.

Reynolds, katika kitabu alichokitoa mwaka 1942 kuhusu kujifunza na kufundisha kazi hii, alieleza hatua tano anazopitia mwanafunzi. Ya kwanza, anajiona yeye tu. Hajui mikono aiweke wapi, anasikia sauti yake mwenyewe kuliko ya mteja. Ya pili ni kuogelea au kuzama, anabahatisha na wakati mwingine anapatia. Ya tatu ndiyo inayouma kuliko zote: anaelewa kinachoendelea, lakini hawezi bado kutenda kama anavyoelewa. Ya nne, ameimudu kazi. Ya tano, anaweza kumfundisha mwingine alichokimudu. Tazama mpangilio huo. Kufundisha kunakuja mwisho na kunasimama juu ya umahiri. Sisi tunafanyaje? Tunamchukua mhitimu mwenye GPA kubwa kuliko wenzake, tunamwajiri chuoni mwaka uleule, anasoma shahada ya pili, anasoma ya tatu, na akiwa na umri wa miaka arobaini ni daktari wa falsafa aliyeruka kutoka hatua ya pili hadi ya tano. Simlaumu yeye, mlango ulifunguliwa, akaingia.

Niliwahi kuwa mwanafunzi wa fildi katika hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa. Nilipewa mzee mmoja fundi viatu, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akija na malalamiko ya mgongo usio na ugonjwa. Alikaa mbele yangu akikunja na kukunjua karatasi ya daktari mpaka ikaanza kuchanika kwenye mkunjo. Nilimsalimia harakaharaka, nikafungua daftari, nikamuuliza, kwa Kiswahili nilichokitafsiri kichwani kutoka kwenye kitini cha Kiingereza, kama amekuwa akipata dalili za sonona. Akanitazama kwa upole. "Sonona ndiyo nini, mwanangu?" Nikaeleza. Nikazidi kuharibu. Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa anapita kuchukua faili, akasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Mawazo yanakuachia ulale?"

Mzee akaiweka ile karatasi mezani. Akazungumza nusu saa, kuhusu mtoto wake aliyeko Afrika Kusini asiyepiga simu, kuhusu kibanda kilichobomolewa, kuhusu namna usiku unavyokuwa mrefu. Juma lile mhadhiri wangu alikuja kunikagua. Alikaa dakika ishirini, akahesabu siku zangu za mahudhurio, akasaini kitabu, akauliza kama kuna changamoto. Nilijaribu kumweleza habari za mzee, akasema nitaiandika kwenye ripoti. Nilikuwa hatua ya tatu ya Reynolds bila kujua kwamba ina jina, na aliyenivusha alikuwa muuguzi asiyelipwa kunifundisha.

Kisa hicho si cha adabu tu, ingawa adabu imo. Lugha ya wagonjwa wetu haimo kwenye vitini. Watu hawasemi wana sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Neno hilo ni zuri, ni letu, na kwenye redio limeanza kusikika, lakini mtu akiwa ndani ya shida yake anasema ana mawazo. Anasema moyo mzito, kichwa kinajaa, mwili umechoka bila kazi, usingizi umekata. Mwanamume atasema mgongo au presha kwa miezi kabla hajasema mawazo. Wazimbabwe wanalo neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi (kufunga kwa Kishona ni kufikiri, wala usiwaze kufuli). Daktari Dixon Chibanda wa Harare alilichukua neno hilo kama lilivyo na kulijengea tiba. Mwaka 2006, akiwa na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, alianzisha mabenchi nje ya zahanati ambapo bibi anakaa na mtu mwenye mawazo na kufuata hatua zenye majina ya Kishona, ya kwanza ikiwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Amekuwa akisimulia hadharani kwamba wazo lilimjia baada ya kumpoteza mgonjwa ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya dola 15 kumfikisha hospitalini. Maarifa kama hayo yanapatikana kwa mtu anayeona wagonjwa wiki kwa wiki. Mhadhiri aliyeacha kuwaona miaka kumi na tano iliyopita anafundisha lugha ya wagonjwa wa miaka kumi na tano iliyopita, na hapo nimemtendea wema wa kudhani aliwahi kuwaona.

Nimesikia hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza inasema kazi ya profesa ni utafiti na kufundisha. Kuhudumia ni kazi ya waliohitimu, kama ambavyo profesa wa sheria si lazima asimame mahakamani kila wiki. Ningeikubali kama tungeitumia kwa kila taaluma. Lakini nenda Muhimbili. Walimu wa chuo kikuu cha afya kilichopo pale huzunguka wodini na wanafunzi wao, wanaona wagonjwa, wanapasua. Hakuna mzazi Tanzania atakayekubali mwanawe afundishwe upasuaji na mtu aliyeshika kisu mara ya mwisho enzi za Mkapa. Kwa mwili tunakataa, kwa akili tunakubali, na sababu yake tunaijua ingawa hatuisemi: tunaamini kuongea na watu ni jambo ambalo kila mtu analiweza. Hata huo utafiti unaotajwa, Chibanda na wenzake walipochapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio la mabenchi yao lenye watu 573, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, walikuwa wanatafiti kazi waliyokuwa wakiifanya kwa miaka kumi. Huduma ndiyo iliyozaa utafiti huo.

Hoja ya pili ni janja zaidi, na inatumia mabenchi hayohayo dhidi yangu. Kama bibi asiye na shahada anaweza kumsaidia mtu mwenye mawazo akapata nafuu, profesa wa nini? Kwa nini tusiwafunze wajumbe wa nyumba kumi na wahudumu wa afya wa jamii, tukaachana na mambo ya vyuo? Nusu ya hoja hii naichukua kwa mikono miwili. Wafunzwe, tena haraka, na wazo hilo tayari limevuka mipaka ya Zimbabwe. Ila wanaolitaja hupenda kusahau kwamba wale bibi hawakuachwa benchini peke yao. Walifundishwa, walisimamiwa, na mtu aliyekuwa na hatari kubwa alipelekwa juu yao. Nani huko juu? Ukiwa na bibi mia moja unahitaji wasimamizi wanaojua kusikiliza bibi aliyesikiliza mambo mazito siku nzima, wanaojua lini mawazo yamevuka mpaka na kuwa ugonjwa unaotaka dawa. Msimamizi huyo ni mhitimu wa ustawi wa jamii. Tukipunguza shahada na kuongeza mabenchi, tunaongeza haja ya walimu wanaojua kazi kwa mikono yao.

Ya tatu ni siri na mipaka. Mji ni mdogo. Profesa akiona wateja asubuhi na kufundisha mchana, mteja wake anaweza kuwa mzazi wa mwanafunzi, au mwanafunzi mwenyewe. Na kuna kishawishi cha kupamba somo kwa visa vya watu. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na haina jibu jepesi. Mhadhiri hapaswi kumtibu mwanafunzi wake, hilo halina mjadala. Anayefanya hivyo anamshika mtu kwa mkono wa tiba na kumsahihisha mtihani kwa mkono wa pili. Visa vinavyofikishwa darasani lazima viondolewe kila kinachomtambulisha mhusika, hata kijiji. Lakini madaktari nao wanaishi kwenye miji hiyohiyo midogo na wamejiwekea taratibu. Ugumu wa mipaka ni sababu ya kuwa na wahadhiri wanaoijua kwa kuiishi. Kwa sasa mwanafunzi anasoma sura nzima ya maadili kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na mteja wake sokoni.

Zipo athari za mpangilio ambazo wachambuzi wa hukumu hawakuzigusa kabisa. Mwaka 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania iligawanywa, na ustawi wa jamii ukaenda kwenye wizara mpya ya maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Kuna mantiki yake, kwa sababu ya watoto, wazee na ukatili wa kijinsia. Lakini afisa ustawi wa hospitali sasa ana mguu mmoja afya, mwingine wizara nyingine, na mwajiri wake ni halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Akisikia mzigo wa wagonjwa wa akili umeongezeka, atamlilia nani ampe chumba? Kama Bunge letu litafuta kifungu cha 217, nami natamani lifute, basi sheria hiyohiyo itaje ni nani anampokea mtu aliyeokolewa, ndani ya muda gani, na nani anamfuata nyumbani. Vinginevyo tutamwondoa polisi na kubaki na mhuri wa msamaha.

Chuoni napo mabadiliko yanayotakiwa ni ya kuchosha, si ya kupigiwa makofi. Fomu za kupandisha cheo zinajaa nafasi za machapisho, na huduma kwa jamii inapewa kona, mahali ambapo mtu huandika kwamba alishiriki siku ya usafi. Ningependa profesa wa ustawi wa jamii mwenye siku moja kwa wiki katika chumba kile cha mwisho cha korido ahesabiwe siku hiyo kama sehemu ya kazi yake, na wanafunzi wawili wakae naye pembeni, kwa ridhaa ya mteja. Wanafunzi wawili, siyo arobaini. Najua vyuo vinapokea mamia ya wanafunzi kwa sababu ada ndiyo inayowasha taa. Basi tuseme wazi kwamba tunauza vyeti, tusiseme tunatoa maafisa wa kumpokea mtu aliyeponea chupuchupu.

Nina shaka moja, hata hivyo, na nisingependa kuificha. Mhadhiri anayeona wateja anabadilika, na chuo huenda kisipende alivyobadilika. Reynolds aliona wateja, akaona kwamba nyuma ya hofu nyingi za watu kulikuwa na kodi ya nyumba na kazi iliyopotea wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Akaegemea mrengo wa kushoto, akaunga mkono vyama vya wafanyakazi wa ustawi, na mwaka 1938 akatoka Smith kwa shinikizo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikwenda kufanya kazi katika chama cha mabaharia, na huko alivutiwa na jambo moja: baharia alikuja kuomba msaada akiwa na kadi ya uanachama mfukoni, bila kuinamisha kichwa, kwa sababu huduma ilikuwa haki yake. Afrika nayo ina mfano. Shule ya Jan Hofmeyr ya Johannesburg, iliyofunguliwa mwaka 1941 kuwafunza Waafrika kazi ya ustawi, ilimtoa Winnie Mandela aliyekwenda kufanya kazi hospitali ya Baragwanath, na kabla yake iliwahi kumfundisha Eduardo Mondlane, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Marekani, kisha akaja Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Anayetumwa kuwaona watu karibu harudi na ripoti ya kurasa ishirini peke yake.

Profesa wetu naye akikaa kwenye chumba kile Jumatatu, kabla hajafika kwenye nadharia yoyote ataona kwamba kiti cha mteja kimewekwa mlangoni kabisa, mlango wenyewe haufungiki, na watu thelathini wa benchini wanasikia kila neno.